Donda la punda linaanzia kwenye tandiko: ushauri kwa wenye mikokoteni na wabeba maji wa Tabora

Siku ya mnada, Igunga au Nzega, wapitie punda mmoja mmoja ukiwatazama mgongoni na si miguuni tu. Mahali penye donda panataja kifaa kilicholisababisha. Donda la juu ya shingo, pale shingo inapokutana na mabega, limetoka kwenye nira. La katikati ya uti wa mgongo limetoka kwenye kamba ya madumu. La nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele ni la mkanda wa tumbo, na la chini ya mkia ni la kamba ya nailoni iliyofungwa ili mzigo usiteleze mbele. Mwenye punda ananunua dawa ya zambarau, anapaka, donda linashika gamba, kisha kifaa kilekile kinarudishwa palepale. Dawa imeisha, donda lipo. Kwa hiyo tiba ianzie kwa fundi, daktari wa mifugo afuate.

Farasi huku kwetu ni kama hawapo. Mbung'o wa misitu ya miombo na ugonjwa wa nagana wanaoueneza vilishaamua jambo hilo zamani. Hata hivyo, mafundi wa viti vya farasi wameuchunguza mgongo wa mnyama kwa muda mrefu, na kanuni zao tatu zinamfaa punda wetu bila kupunguza kitu: uti wa mgongo usiguswe, uzito utawanywe kwenye eneo pana, na bega liachwe litembee. Kinachobadilika ni umbo. Mgongo wa punda umenyooka, kigongo cha mabega ni kifupi, kifua ni chembamba. Ndiyo maana kiti cha farasi akivalishwa punda kinateleza kwenda shingoni, na nira ya ng'ombe inamuumiza hata ikichongwa kwa ustadi gani.

Nira ibaki kwa ng'ombe

Tabora, Shinyanga na Simiyu ni nchi ya jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nira ipo kila nyumba, na mtu anaponunua punda wa kwanza anamtia nira iliyopo. Kwa ng'ombe wa asili nira ina mantiki: ana nundu, gogo linakaa mbele ya nundu, nayo nundu inalizuia lisirudi nyuma, shingo yake ni nene na imejaa misuli, anasukuma kwa nguvu ya shingo na mabega. Punda hana nundu. Pale gogo linapokaa kuna ngozi, chini ya ngozi kuna mfupa, basi. Akivuta, gogo linateleza nyuma kwa sababu hakuna cha kulizuia, kwa hiyo vijiti vya pembeni na kamba ya chini ndivyo vinavyobeba mvuto wote, na kamba hiyo imepita kwenye bomba la hewa. Punda anayekoroma akipanda mwinuko mdogo wa mtoni si mvivu. Anakabwa.

Punda anavuta kwa kifua. Kifaa chake ni mkanda wa kifua, na fundi viatu yeyote mwenye shazia na uzi mzito anaweza kuushona kwa siku moja.

Upana wake uwe sentimita 8 hadi 10. Chini ya hapo unakata, na zaidi ya hapo unagusa koo juu au kiungo cha bega chini. Urefu upime kwa kamba: anzia nyuma kidogo ya kiwiko cha kushoto, zungusha mbele ya kifua, ishia nyuma ya kiwiko cha kulia. Kwa punda wengi wa kwetu inakuja karibu na sentimita 90 hadi 100, lakini mpime wako. Tabaka la nje linabeba nguvu, la ndani linagusa ngozi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mkanda wa usalama wa gari chakavu una nguvu ya kutosha kabisa, ila upana wake ni kama sentimita 5 na kingo zake ni kali. Usiuvalishe peke yake. Shona mikanda miwili sambamba juu ya turubai la pamba, halafu ndani weka blanketi kuukuu lililokunjwa mara tatu au nne, na blanketi lizidi kingo za mkanda kwa sentimita 1 kila upande. Mishono yote na vichwa vya riveti viishie nje. Pitisha kiganja upande wa ndani ukiwa umefumba macho. Chochote unachokihisi wewe, punda atakihisi mara elfu kwa siku.

Kuna vitu vitatu vya kukataa hata vikiwa bure. Tyubu ya tairi haipitishi jasho, inapata joto juani na inavuta ngozi badala ya kuteleza juu yake. Mfuko wa salfeti una nyuzi za plastiki zinazosugua kama msasa zikishaloa. Na tairi lililokatwa vipande lina nyaya ndani. Leo hazionekani, mwezi ujao zimechomoza.

Sasa kimo. Papasa mbele ya bega, utapata mfupa uliochomoza pale bega linapokunja. Ukingo wa chini wa mkanda ukae juu kidogo ya mfupa huo, na ukingo wa juu uwe chini ya mahali bomba la hewa linapoingia kifuani. Punda akiwa anavuta, si akiwa amesimama, ingiza vidole kati ya mkanda na koo. Visipoingia, shusha. Kimo hicho kinashikiliwa na mkanda mwembamba unaopita juu ya shingo mbele ya mabega, nao uwe na kitambaa chini yake. Bila huo, mkanda wa kifua unashuka magotini punda akiinamisha kichwa kunywa maji.

Kamba mbili za kuvutia zinatoka kwenye ncha za mkanda kwenda nyuma. Zishuke kidogo kuelekea mkokotenini, kwa mstari ulionyooka. Zikifungwa juu sana nyuma, mkanda unapanda kooni kila anapovuta. Zikifungwa chini sana, mkanda wa shingoni unabanwa na donda linarudi kulekule kulikokuwa na nira. Urefu wake uache nafasi ya nusu mita kati ya miguu ya nyuma na mkokoteni.

Kisha kuna kijiti ambacho mikokoteni mingi ya kwetu haina, na ndicho kinachoamua kama mkanda mzuri utafanya kazi. Kamba mbili za kuvutia zisifungwe moja kwa moja kwenye fremu. Zifungwe kwenye ncha mbili za kijiti kigumu cha sentimita 50 hivi, na kijiti hicho kifungwe kwenye mkokoteni katikati tu, kwa pete au mnyororo mfupi, kiweze kuchezacheza. Punda akitembea, bega la kushoto linakwenda mbele, kisha la kulia. Kijiti kinafuata, kamba zinapokezana, mkanda unatulia kifuani. Kamba zikifungwa kwenye fremu isiyocheza, mabega yanatembea na mkanda umesimama, kwa hiyo kila hatua ni msuguano. Kutoka kijijini hadi kisimani na kurudi, hesabu mwenyewe hatua ni ngapi. Kwa punda wawili, kila mmoja awe na kijiti chake, na vijiti viwili vifungwe kwenye ncha za mti mmoja mrefu zaidi ambao nao umeshikwa katikati. Hapo mmoja akizembea, mti unarudi nyuma upande wake, na wewe unaona.

Mkokoteni unavyomkalia punda, na unavyomkalia dereva

Mkanda wa kifua ni wa kuvuta tu. Haubebi mikono ya mkokoteni, yaani miti miwili inayopita ubavuni mwa punda, wala hausimamishi kitu. Kazi hizo mbili zina vifaa vyake.

Kubeba mikono ni kazi ya kitandiko kidogo cha mgongoni: mito miwili mifupi, mmoja kila upande wa uti, nafasi ya vidole vinne katikati, na mkanda wa tumbo wa kukishikilia. Kamba au mnyororo unaounganisha mikono miwili upite juu ya kitandiko hiki, kamwe usipite juu ya uti mtupu. Kwa mkokoteni wa mti mmoja wa kati na punda wawili, mti unaning'inizwa kwenye kipande chepesi cha mbao kilichofungwa kwenye vitandiko vyote viwili. Wepesi ndio maana yake. Ukiweka nira nzee ya mti mzito kama mtundu au mkurungu hapo juu umerudi ulikotoka.

Uzito unaotua kwenye kitandiko unategemea upakiaji. Mkokoteni wa magurudumu mawili ni mizani, na ekseli ndiyo kitovu chake. Ukishapakia, kabla hujamfunga punda, nyanyua ncha za mikono kwa mkono mmoja hadi usawa wa mgongo wake. Ikinyanyuka kwa nguvu ya kubeba ndoo ya lita 10, umepakia sawa. Ikikataa, mzigo umeegemea mbele na punda ataubeba mgongoni huku akiuvuta. Ikiruka yenyewe, mzigo umeegemea nyuma: mikono itapanda, mkanda wa tumbo utamnyanyua punda chini ya kifua, na ngozi ya nyuma ya kiwiko itachunika. Magunia ya mpunga yanatulia yalipowekwa. Maji hayatulii. Dumu lililojaa nusu linapeleka maji mbele na nyuma kila tairi linapoingia shimoni, kwa hiyo jaza dumu mpaka juu au liache tupu, na yapange madumu yote katikati ya ekseli kwanza.

Kuhusu kiasi, ushauri wetu kwa punda wawili wazima, barabara ngumu ya tambarare, matairi yenye upepo wa kutosha: kilo 500 hadi 600 ukijumlisha mkokoteni wenyewe. Mkokoteni uliochomelewa kwenye ekseli ya gari unaweza kuwa na kilo 150 kabla hujaweka chochote, jambo ambalo wengi hawalihesabu. Kwenye kichanga cha Sikonge au tope jeusi la mbuga ya Wembere wakati wa masika, gawa kwa mbili. Tairi lenye upepo kidogo linakula nguvu kimyakimya. Kujaza tairi la gari kwa pampu ya baiskeli kunachosha, kwa hiyo upite gereji ukiwa mjini.

Breki sasa. Mtu wa Tabora atasema nchi yetu ni tambarare, breki ya nini. Tambarare ina makorongo, ina kingo za mito, ina daraja la magogo lenye mteremko wa mita 5, na ina mbuzi wanaokatiza barabara. Punda akisimama ghafla na kilo 400 nyuma yake, kitu fulani lazima kiusimamishe mkokoteni. Pasipo mkanda wa matako, kinachousimamisha ni kitandiko kinachosukumwa mbele hadi mabegani, au ni miguu yake ya nyuma. Mkanda wa matako ni mpana kama wa kifua, unazunguka nyuma ya mapaja, katikati ya shina la mkia na goti la nyuma, na unashikwa juu na mkanda mmoja au miwili inayopita kiunoni. Ncha zake zinakwenda mbele na kufungwa kwenye mikono ya mkokoteni. Uache ulegee kiasi cha upana wa kiganja punda akiwa anavuta. Ukikaza zaidi unamsugua kila hatua, na ukilegeza zaidi mkokoteni unapata mwendo kabla haujakamatwa. Ukiwekwa chini sana unaichota miguu yake akiwa kwenye mteremko, akaanguka.

Dereva naye ana mwili. Kukaa mbele kabisa, miguu ikining'inia kati ya mikono ya mkokoteni, kuna hatari mbili: uzito wako wote unahamia mgongoni kwa punda, na ukiteleza unaangukia mbele ya tairi. Kaa juu ya ekseli, kwenye ubao, miguu ndani. Ili uweze kukaa hapo unahitaji hatamu ndefu mbili, moja kila upande wa kichwa, zikipita kwenye pete za kitandiko. Dereva asiye na hatamu hana njia ya kumgeuza punda ila kukimbia kando yake na fimbo, au kumtuma mtoto akimbie. Hatamu zifungwe kwenye kamba laini ya kichwani, ambayo mkanda wake wa puani unakaa chini ya mfupa wa shavu na kuruhusu vidole viwili kupita. Waya mdomoni na kamba iliyotobolewa puani tuviache. Vinamfanya punda arushe kichwa juu, na punda mwenye kichwa juu anavuta vibaya na haoni shimo. Isitoshe, nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo haimtenganishi punda na ng'ombe wa maziwa.

Tandiko la kubebea mgongoni

Maji ya Ziwa Victoria yamefika Nzega, Igunga na Tabora mjini, lakini vijiji vilivyo mbali na bomba bado vinategemea punda na madumu, na wakati wa tumbaku kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku, zinatoka porini mgongoni kwa punda vilevile. Hapa ndipo tandiko linapofanana zaidi na kiti cha farasi.

Tazama hesabu hii. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa yana kilo 42 hivi. Ukiyaunganisha kwa kamba mbili zenye upana wa sentimita 2, na kila kamba ikagusa mgongo kwa urefu wa sentimita 40, eneo lote linalobeba ni sentimita za mraba 160. Kila sentimita moja inabeba gramu 260, tena nyingi zinaangukia uti wenyewe. Weka mito miwili, kila mmoja ukigusa mgongo kwa sentimita 40 kwa 12, unapata sentimita za mraba 960, na kila moja inabeba gramu 44. Mzigo ni uleule, punda ni yuleyule, na mbano umepungua mara sita. Ngozi inayobanwa sana inakosa damu, na ikikosa damu kwa saa nyingi inakufa kuanzia ndani. Ndiyo maana punda anaweza kuonekana mzima jioni, na siku ya tatu ngozi inajivua kama kifuniko.

Anza kwa kupima. Papasa ubavuni kutoka nyuma kwenda mbele mpaka upate ubavu wa mwisho, ufuate juu hadi mgongoni, chora alama kwa mkaa. Kisha tafuta ukingo wa nyuma wa bega, acha vidole vitatu, chora alama nyingine. Tandiko litakaa kati ya alama hizo mbili, lisizidi hata kidogo. Nyuma ya ubavu wa mwisho ni kiuno, na kiuno hakina mbavu za kukitegemeza. Mbele ya alama ya pili ni bega linalotembea.

Chukua waya mnene wa umeme wa nyumbani wenye ganda lake, ulaze mgongoni kukatisha, uukandamize ufuate umbo, uunyanyue taratibu na uuchore juu ya boksi. Fanya hivyo mbele, katikati na nyuma. Utashangaa jinsi mistari mitatu isivyofanana. Tandiko lililonyooka kama ubao litagusa sehemu mbili tu kati ya hizo tatu, na hesabu yetu ya sentimita 960 inakuwa uongo.

Shona mito miwili ya turubai la pamba au gunia la katani, kila mmoja urefu wa nafasi uliyopima na unene wa sentimita 12 hadi 15. Jaza majani marefu makavu ya kuezekea au mabua ya mpunga, yakilala kwa urefu, na uyashindilie kwa mti mpaka mto usibonyee kwa kidole gumba kirahisi. Sufi ni laini mno, inajikusanya kwenye kona baada ya safari chache. Vitambaa vikuukuu vinafanya mabonge. Shindilia zaidi mahali boksi linapoonyesha mgongo umeingia ndani, na punguza palipochomoza. Unganisha mito kwa vipande vya turubai ili katikati ibaki nafasi ya sentimita 8. Chini ya yote kunja blanketi la pamba, na kabla hujakaza mkanda livute juu kidogo kwenye ile nafasi ya katikati lisikandamize uti.

Wenye kubeba kuni watahitaji kiunzi cha mbao juu ya mito: mbao mbili zilizochongwa kufuata mchoro wa boksi, na misalaba miwili ya kutundikia. Vipande vya mninga vinavyobaki kwa seremala vinafaa kwa sababu si mti mzito sana na haupindi ukikauka. Lainisha kingo zote kwa tupa, na ncha za mbele na nyuma za kila ubao uzipindishe juu kama pua ya mtumbwi.

Jaribio la mwisho ni hili: weka mzigo kamili, simama nyuma ya punda, inama, tazama chini ya tandiko kuelekea kichwani. Uone mwanga mpaka upande wa pili. Mwanga usipoonekana, uti unaguswa. Rudia jaribio baada ya wiki mbili tatu, maana majani yanashindiliwa na mzigo na tandiko linashuka. Kuongeza majani ni kazi ya nusu saa.

Mkanda wa tumbo ukae upana wa kiganja nyuma ya kiwiko, uruhusu kiganja kilicholala kupita, na ukazwe mara mbili: unapotandika, na tena baada ya dakika kumi za mwendo, kwa kuwa punda wengi hutanua kifua wakifungwa. Kiasi cha mzigo kisizidi theluthi ya uzito wa punda. Wetu wengi wana kilo 110 hadi 150, kwa hiyo ni madumu mawili kwa mwenye kilo 126 au zaidi. Manne ni ya mkokoteni. Pande zilingane, maana tofauti ya kilo 5 tu inalivuta tandiko upande mmoja na mto wa upande wa pili unapanda juu ya uti. Wakati wa kushusha, shusheni watu wawili kwa pamoja.

Anayempanda punda ni mzigo pia, na theluthi ileile inamhusu. Kwa farasi kipimo kinachotumika sana ni asilimia 20 ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 75 juu ya punda wa kilo 120 ashuke, atembee. Kijana mwepesi akae mahali palepale pa tandiko la mizigo, si kiunoni wala matakoni. Kukaa bila tandiko kunaumiza wote wawili: mifupa miwili ya makalio inachoma mgongo wa punda, na uti wa punda unamchubua mpandaji. Tandiko jembamba linamlazimisha mtu kubana mapaja asianguke, na baada ya saa moja nyonga na mgongo wake vinauma. Tandiko pana kupita kiasi linampanua. Vikuku vya kuwekea miguu vinasaidia, ila kitanzi cha kamba ni mtego. Ukianguka, mguu unabaki ndani na unaburutwa. Kikuku kiwe kigumu, kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2 au 3, na kifungwe kwa kamba dhaifu inayoweza kukatika.

Kusoma ngozi

Punda haonyeshi maumivu kama farasi au mbwa. Anazubaa, anapunguza mwendo, anarudisha masikio nyuma ukikaribia na tandiko, anageuza kichwa kutazama tumbo. Ngozi ndiyo inayosema wazi. Ukivua tandiko baada ya safari ya jua la Oktoba, tazama jasho kabla halijakauka. Liwe limeenea sawasawa pande zote mbili. Doa kavu katikati ya jasho ni mahali palipobanwa sana, na hapo ndipo donda litakapotokea. Nywele zilizokatika au kusokotana ni msuguano. Uvimbe laini unaotokea saa chache baada ya kuvua ni onyo la mwisho. Nywele nyeupe mahali ambapo zamani zilikuwa za kijivu au kahawia ni kovu la mbano wa zamani, na ukimnunua punda wa namna hiyo mnadani jua mmiliki aliyetangulia alitumia kifaa gani.

Donda likishafunguka, kifaa hakirudi hapo mpaka ngozi ifunge na nywele zianze kuota. Kutoboa tundu kwenye mto ili donda lipumue kunaonekana ni busara, lakini kingo za tundu zinabana pembeni na nyama inavimba ndani ya tundu. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, mara mbili kwa siku. Oili chafu, maji ya betri na majivu vinaunguza nyama mpya. Wito kwa daktari wa mifugo usichelewe kama donda ni refu au linatoa harufu, kwa sababu punda na farasi hupata pepopunda kwa urahisi kuliko mifugo mingine ya nyumbani.

Kila punda awe na vifaa vyake, viwekwe alama. Ukibadilishana unahamisha upele na ukungu wa ngozi, na tandiko lililoshindiliwa kwa mgongo wa mmoja halimfai mwenzake. Upande unaogusa ngozi ukung'ute na kuupiga brashi kila jioni, na blanketi lifuliwe kila wiki, maana chumvi ya jasho inaligeuza kuwa gumu. Ngozi ya ng'ombe ipakwe mafuta ya mnyama kidogo, ikauke kivulini. Kisha tundika juu, mbali na ukuta wa udongo kwa sababu ya mchwa, na juu kuliko mbwa anavyoweza kuruka: ngozi yenye jasho na mafuta kwake ni chakula, na mkanda wa kifua hautafika asubuhi.